Vifungo vya Gauni Jeusi

Wahakiki wa magazeti waliupenda sana ukimya wake. Waliandika kwamba hakuna mwigizaji wa Kimarekani aliyejua kunyamaza jukwaani kama yeye, kwamba akinyamaza ukumbi mzima unasahau kukohoa. Mimi niliyekuwa nikimvisha nguo nilijua kwamba ukimya wake ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao watu waliukatia tiketi. Wa pili ni wa mtu aliyesahau anachotakiwa kusema, na huo ndio ulionikondesha.

Nitamwita Bibi, kama nilivyomwita wakati ule. Jina lake lilikuwa kwenye mabango na sioni haja ya kulirudia. Aliyemwona atamjua, na asiyemwona jina halitamsaidia. Alikozaliwa pia sitasema, kwa sababu sijui. Kila mwandishi wa habari aliyekuja kumhoji alitajiwa mji mwingine, na wazazi wengine. "Wanataka hadithi, nawapa hadithi," aliniambia siku moja, huku akininyooshea mguu nimvue soksi. Alisema kwa Kiingereza, bila shaka. Maneno yake yote hapa nayaweka kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyonijia sasa.

Mimi niliingia Toronto na cheti cha ushonaji cha Morogoro na mtoto mmoja, Neema. Tulikaa Weston, kwenye ghorofa la zamani karibu na mto, ambako ndege zilipita chini mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nilianza kwenye kiwanda cha mapazia ya hoteli, kisha mama mmoja wa kanisani akanipeleka kwenye ukumbi wa tamthilia mjini uliokuwa ukitafuta mvishaji. Mvishaji ni mtu wa kukaa chumbani na mwigizaji: anamvalisha, anamvua, anashona kilichochanika papo hapo, na anafunga mdomo. Ukutani mwa chumba kuna spika ndogo inayoleta kila neno linalosemwa jukwaani, ili ujue muda wa kuwa tayari na gauni lingine umefika. Tamthilia ya Bibi sikuwahi kuitazama nimekaa kwenye kiti kama watu. Niliisikia, pasi mkononi.

Siku ya kwanza Bibi alinitazama kupitia kioo, akaniuliza kwetu watu wananiitaje. Nikamwambia, Mama Neema.

"Vizuri. Na huyo Neema anapenda nini?"

Nikasema anapenda kunijibu kwa Kiingereza. Akacheka sana, halafu kicheko kilipokwisha akanivua nguo kwa maneno kwa sababu ya kola niliyoipiga pasi upande mbaya. Ndivyo alivyokuwa. Alikupa mkono wa kulia na kukufinya kwa wa kushoto, na hukujua wa kuamini ni upi.

Jioni hiyo nilipomtaja nyumbani, Neema aliruka kwenye kochi. "Mum, are you serious? She's, like, famous! Alikuwa kwenye ile movie ya jela!"

Kweli, alikuwa kwenye ile ya jela, na nyingine nyingi. Alianzia jukwaani New York akiwa msichana, akaolewa jukwaani, akaua watu jukwaani, akawa malkia. Filamu zikamchukua. Zilimpa tuzo kubwa, ile ambayo watu huililia mbele ya dunia nzima, naye aliwaambia wageni kwamba imepotea kwenye kuhamahama. Haikupotea. Ilikuwa ndani ya soksi ya sufu, chini ya sanduku lake la vipodozi, na kabla ya kila onyesho aliingiza mkono kuipapasa kama mtu anayehakikisha funguo zipo.

Kisha umri ukasogea, na filamu zikaanza kumfanya mama. Mama wa mwanasheria, mama wa bondia, mama wa rais. "Nakufa kabla filamu haijafika nusu," alisema, "na mwanangu analia vizuri sana." Filamu nyingi kati ya hizo zilipigwa Toronto, maana huku kulikuwa rahisi. Mtaa ulipakwa uchafu wa New York, magari yakapakwa rangi ya teksi za New York, na wapita njia wetu, wamechoka na mifuko yao ya sokoni, wakawa wanayapungia mkono yasimame. Bibi alinisimulia kwamba alisimama kando akiwatazama. "Nimesafiri kote huku," alisema, "kuja kuigiza kwamba niko nyumbani." Ndipo ukumbi wetu ulipomwomba arudi jukwaani, naye akakubali kabla hawajamaliza kuomba.

Alikuwa na mambo yake. Hakutaka mtu apige mluzi karibu naye. Hakufunga kifungo chake mwenyewe, hata cha koti la barabarani; alisimama mikono chini, kidevu juu, akingoja, na kama hapakuwa na mtu alitoka vile vile wazi kwenye baridi. Aliapa kwamba hasomi wanachoandika magazeti, halafu akanituma niyanunue yote, akayasoma akiwa amejifungia msalani. Alikuwa mkali kwa maarufu wenzake na laini kwa wafagiaji, isipokuwa wafagiaji waliomsifu. Aliniambia filamu ni kazi ya kungoja na jukwaa ni kazi ya kuogopa, na kwamba yeye alizaliwa kuogopa.

Kwa waigizaji vijana alikuwa na neno moja tu. "Ukiogopa, punguza mwendo. Watadhani unafikiri." Nililitumia mwenyewe shuleni kwa Neema, mwalimu aliponiita kunieleza jambo ambalo sikulielewa hata nusu. Nilipunguza mwendo. Mwalimu akaniona mtu mwenye busara, tukaagana vizuri.

Na alikuwa na hili moja la lugha. Wenzangu pale walizoea kunitania kwa "jambo, jambo" kila asubuhi, wakidhani wananifurahisha. Bibi hakuwahi. Mimi kila nilipomaliza kumfunga vifungo, nikamgeuza na kumtazama mbele na nyuma, nilimwambia, "Haya, nenda. Wanakungoja." Niliisema mara ya kwanza bila kufikiri, kama ninavyomsukuma Neema mlangoni. Akauliza maana yake, nikampa. Tangu siku ile hakutoka chumbani kabla sijaisema. Alisimama tu, akisubiri. Lakini nilipomwambia naye ajaribu kutamka, alikataa kabisa.

"Sisemi mstari ambao sijaujua barabara," alisema. "Huo ni utovu wa adabu."

Sasa niseme kilichonifanya nikae roho juu msimu mzima.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya mjane anayegawa vitu vya nyumba. Mwishoni anawakusanya wanawe sebuleni na kuwaambia nani achukue nini: saa ya ukutani, kiti cha baba yao, kioo, shuka za harusi, na kadhalika, na kila kitu kina kisa chake. Mwisho wa yote anafika kwenye kitanda kidogo cha mtoto aliyekufa, ambacho wanawe hawajui kama bado kipo darini, na anasema kwamba hicho hakigawiwi. Hotuba ndefu, na mpangilio wake ndio kila kitu. Ukiruka kiti ukaenda kwenye kioo, kisa cha pili hakina miguu.

Wakati wa mazoezi nilimshikia muswada chumbani, nikisoma maneno ya wanawe kwa lafudhi yangu, yeye akijibu. Mistari ya mwanzo ilikuwa imara. Hotuba ya mwisho ilikuwa inammomonyoka mikononi. Leo alipoteza saa, kesho shuka. Siku moja alisimama katikati ya chumba, akanitazama kwa macho ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Mama Neema," alisema taratibu, "wakijua, watamvalisha yule mwingine."

Yule mwingine ni mwigizaji wa akiba, mwanamke mpole aliyekaa chumba cha juu akisuka sweta na kuujua muswada wote. Hakuwa na ubaya wowote. Mimi nilimwogopa kuliko polisi wa uhamiaji.

"Hawatajua," nikasema, na sikujua nasema kwa nguvu gani.

Wazo lilinijia kutoka kwa mama yangu. Mama hakujua kusoma. Akiagizwa vitu vingi sokoni, alifunga mafundo kwenye pindo la khanga yake, kila fundo kitu chake: hili kubwa la chumvi, hili bapa la mafuta ya taa. Njiani aliyapapasa, na hakuwahi kurudi na pungufu. Gauni la mwisho la Bibi lilikuwa jeusi, la msiba, lenye safu ya vifungo mbele kutoka shingoni hadi kiunoni. Nikavikata vyote. Mahali pa saa nikashona kifungo cha chuma, chenye baridi. Kwa kiti cha baba, cha mti. Kwa kioo, cha kioo. Kwa shuka, kilichovikwa kitambaa. Na cha mwisho kabisa, cha kitanda cha mtoto, nikakitoa kwenye gauni langu mwenyewe nililokuja nalo, kifungo cha kifuu cha nazi, kikavu na chenye mikwaruzo. Vyote nikavipaka rangi nyeusi. Kwa macho vilikuwa ndugu. Kwa kidole kila kimoja kilikuwa na sauti yake.

Bibi alivipapasa mara moja tu, akafika kwenye kifuu, akanyamaza. Halafu akanishika shavu. Msimu ule wote ni mara pekee aliyonigusa kwa hiari yake.

Na ikafanya kazi. Jukwaani mkono wake ulishuka polepole kwenye gauni huku akisema, na gazeti moja likaandika kwamba mkono ule ulikuwa unapapasa huzuni zake moja moja. Bibi alitoka msalani na gazeti hilo akicheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Kila hotuba ile ilipoanza kwenye spika nilizima pasi, maana nilikwishaunguza shati moja kwa kusikiliza. Nilihesabu vitu pamoja naye kimoyomoyo: saa, kiti, kioo. Akinyamaza, nami niliacha kuhesabu hadi aanze tena. Usiku nyumbani Neema alikuwa ananiambia nasema vitu vya ndani ya nyumba usingizini. "You said kiti, like, a lot, Mum."

Kilichotuangusha hakikuwa uovu wa mtu. Mkuu wa mavazi alikuwa mzee mtanashati, futi ya kushonea shingoni saa zote, ambaye imani yake ilikuwa kwamba mtu wa safu ya mbele haongopewi. Siku moja ya mapumziko gauni lilipelekwa kwa dobi, na dawa ya dobi ikatoa rangi kwenye kile kifungo cha kioo. Mzee akaona kioo, akapapasa vingine, akaona aibu. Gauni la ukumbi wake na vifungo vya kuokoteza! Akakaa chini mwenyewe, akavikata vyote na kushona vipya vinavyofanana, kazi safi kabisa, kisha akalitundika gauni ndani ya mfuko wake pale nyuma ya jukwaa, mahali ambapo tunabadilishana nguo haraka haraka.

Lilikuwa onyesho la mchana, ukumbi umejaa watoto wa shule. Pale nyuma tunavaa kwenye giza, taa moja ndogo ya buluu miguuni. Nikamvua la kwanza, nikampitisha la pili kichwani, nikaanza kufunga kutoka juu. Kifungo cha kwanza kilikuwa laini. Cha pili laini. Nikaruka hadi cha chini kabisa, laini pia. Mikono yangu ikasimama.

"Nini?" akanong'ona.

Vile vya zamani sikujua viko wapi. Jukwaani binti yake wa kwenye tamthilia alikuwa ameanza maneno yanayomleta yeye. Nikamwambia ukweli, kwa sababu vidole vyake vingemwambia dakika ile ile.

"Vifungo wamevibadilisha, Bibi. Vyote sawa."

Nilimalizia kufunga kwa vidole ambavyo sikuvisikia. Kisha akasimama tu, mikono chini, haendi. Nikadhani miguu imemgoma. Ndipo nikaelewa kwamba ananingoja mimi.

"Haya, nenda," nikasema. "Wanakungoja."

Akaenda. Nami kwa mara ya kwanza sikurudi chumbani. Nilibaki nyuma ya pazia, nikimwona ubavuni. Alianza na saa. Akaenda kwenye kioo. Akarudi kwenye kiti, akakipa kisa cha kioo, na kijana aliyecheza mwanawe mkubwa akameza mate. Mkono wake ulikuwa unapanda na kushuka kwenye vile vifungo kama mkono wa kipofu kwenye ukuta usio na mlango. Meneja wa jukwaa, mwenye muswada mbele yake na kidole kwenye mstari, alifunua ukurasa, akaufunika, akaufunua tena. Bibi akafikia kifungo cha mwisho. Akafungua mdomo. Akanyamaza.

Watoto wote wale walikuwa kimya. Nilijua ukimya ule ni wa aina gani. Nilitaka kupiga kelele, "Kitanda, Bibi, kitanda!" na sikuweza, na mpaka leo sidhani kama ingemsaidia. Alipunguza mwendo. Akawatazama wanawe mmoja mmoja, taratibu mno, kama mtu anayefikiri. Mwishowe yule binti akasema neno lake la kufunga, akaukata ukimya ule, na taa zikazimwa. Watoto wakapiga makofi kwa nguvu. Kitanda cha mtoto hakikutajwa.

Meneja wa jukwaa alikuja chumbani baadaye, akabisha hodi, akaomba samahani kwa kubisha. Watu wa huku wakitaka kukuumiza huwa wapole hivyo. Alizungumza juu ya uchovu, na mapumziko, na jinsi wote wanavyomheshimu. Bibi alimsikiliza kwa adabu, akimtazama kupitia kioo.

Alipotoka nikasema nitakwenda kumweleza mkuu wa mavazi alichofanya.

"Hutamwambia," Bibi alisema. "Ameshona vizuri. Huoni alivyoshona vizuri?" Akasimama, mikono chini, kidevu juu, ili nimfungue. Nilipofika katikati nilianza kulia, naye akangoja nimalize kulia ndipo niendelee.

Wiki iliyofuata nilimvisha yule mwingine. Alisema kila mstari, kwa mpangilio wake. Nilipiga pasi bila kusikiliza.

Vile vifungo nilivikuta kwenye kopo la mabaki la mkuu wa mavazi. Nikaviomba, akanipa kwa furaha, akidhani ni vya kuchezea watoto. Nikavishona kwenye koti langu la baridi. Neema alikuwa ameshafika umri wa kuona aibu. "Mum, they don't match. Kila mtu ataangalia." Nikamwambia waangalie.

Miaka ilipita kabla sijasikia yuko wapi. Alikuwa na mpwa upande wa Malvern, mwisho mwingine wa Toronto, na huyo mpwa alimtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee ya hukohuko. Tulikwenda siku moja, mimi na Neema, basi juu ya basi, theluji ikianguka. Neema alikaa mapokezi na vitabu vyake vya shule.

Bibi alikuwa dirishani, nywele zimekatwa fupi, sweta lake liko wazi. Alinipokea kwa adabu ileile aliyompa meneja wa jukwaa, kwa hiyo nikajua hanifahamu. Nilimkumbusha ukumbi. Nilimkumbusha filamu ya jela. Alitikisa kichwa kwa upole, kama ninamsimulia habari za jirani yangu. Juu ya kabati ile tuzo ilisimama wazi, bila soksi, na alikuwa ameitundikia kofia. Niliuliza ni ya nani. "Ya mwanamke aliyekuwa akikaa humu," alisema.

Nilikaa nikiongea peke yangu hadi nikaishiwa. Neema akachungulia mlangoni. "Mum, basi letu! It's coming like right now."

Nikasimama, nikavaa koti, na kabla sijalifunga Bibi akanyanyuka. Alikuja mbele yangu. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akifunga kifungo maisha yake yote alishika kola yangu na kuanza kunifunga, kutoka juu, vidole vikisita. Kifungo cha chuma. Cha mti. Cha kioo. Kwenye kila kimoja kidole kilikaa kidogo kabla ya kupita. Akafika chini, kwenye kile cha kifuu, akakishika, akainua uso, akanyamaza.

Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kutofautisha ukimya wake, na huo sikuujua. Nilimtazama nikasubiri. Neema pale mlangoni hakuthubutu kuniita tena.

Kisha akanigeuza, akanitazama mbele na nyuma, akanirudisha nimwelekee. Akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi yangu ya Morogoro, bila kukosea hata herufi:

"Haya, nenda. Wanakungoja."